Ule Mpira Usitupe

Mama Muzna mpendwa,

Nimeianza barua hii mara nne na mara zote nimeichana kwa haya, maana wenzangu wanakuletea mambo ya waume na mawifi, na mimi nakuletea mambo ya mpira, tena si mpira wa miguu, ni mpira wa ndani ya mchezo wa kubonyeza, wa watoto, lakini nakuomba usicheke kwanza, nisaidie, kwa kuwa nimebaki peke yangu na jambo hili na sina wa kumuuliza.

Naitwa Eliane, nina miaka thelathini na mmoja, naishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, Base Camp, upande wa New Congo, nafanya kazi ya kushona sare za shule. Jina langu liandike hivyo hivyo, usilifiche, hakuna mtu wa kulitambua. Tulitoka Walungu, Kivu ya Kusini, mimi na mdogo wangu Gradi, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa na yeye kumi na miwili, wazazi tuliwazika kule kule, na tangu siku ile nikawa mama yake na baba yake na dada yake, nikimfulia, nikimchapa, nikimpeleka shule, na yeye akiniita Yaya, kama watu wa kwetu wanavyomwita mkubwa wao. Hatukuwa na mtu mwingine, na kusema kweli hatukumtafuta.

Alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda Mbarara, akawa anafanya kazi kule Ruti kwa mzee Isa, mtu wa Tanga anayeuza magodoro, akirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, na kila akirudi Kiswahili chake kilikuwa kimehama kidogo, kwa sababu mzee Isa alimcheka na kumsahihisha mbele ya wateja, mpaka siku moja akasimama mlangoni akabisha, "Hodi, mpo?" nami nikamjibu kutoka ndani, "Weye sasa unasema sawa radio! Hapa hakuna mupo, hapa niko mimi peke." Tulicheka sana siku hiyo.

Safari nyingine akaja na kimashine cha mchezo, alikikuta Mbarara kwenye marundo ya mivumba, yaani mitumba, kimebanwa kati ya viatu, ni kidogo, unakishika kwa mikono miwili, sisi tulikiita jeu tu. Ndani yake kuna kijana anayezunguka nchi akikamata wanyama wa ajabu, wako wa moto, wa maji, wa mawe, anawarushia mpira na mnyama anaingia ndani ya mpira, lakini mara nyingi mnyama anajitikisa, anatoka, anakimbia, ndiyo maana kijana anabeba mipira mingi kwenye begi lake. Ila kuna mmoja mweusi wenye nyota nyeupe, huo haukosi, hata mnyama awe mkali vipi, na katika mchezo mzima unapewa mmoja tu, mzee mmoja msomi anakukabidhi mkononi, ukiutupa umekwisha, hakuna wa pili. Ile mingine Gradi aliiita vimpira, na huo peke yake aliuita mpira. Aliubeba zaidi ya mwaka. Nilikuwa nikimchungulia begani huku nashona, nikiona amekutana na mnyama mkali namwambia, "Sasa tupa basi!" na yeye ananijibu kila mara, "Bado, Yaya, kuna mkubwa kuliko huyu."

Usifikiri niliipenda ile jeu. Jirani yangu Angeline, tuliyekuwa tukiimba naye kwaya, siku alipoiona alishika kichwa akasema, "Eliane, ile ni mashetani! Nani anafungiaka banyama mu mupira kama haiko mulozi?" na mimi nikaona aibu, nikaanza kumfokea Gradi kila nilipomkuta ameinama badala ya kufanya kazi, "Wacha ile jeu, utumike!" hata ikawa ndiyo salamu yangu kwake, anaingia tu mlangoni na mimi, "Utumike!" Na Jumapili moja nilimwita mara tatu anishikie kitambaa asisikie, hasira zikanipanda, nikamwambia, "Ile mupira yako nitaitupa mu choo, pamoya na jeu yake na banyama bake bote!" Alikizima kile kimashine akaja akashika kitambaa.

Mwaka juzi akaugua figo. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akakaa wiki mbili kwenye mkeka karibu na cherehani yangu, akicheza taratibu kwa sababu vidole pia vilivimba, na wiki hizo mbili sikumfokea. Mzee Isa akaahidi kutuma gari limpeleke hospitali Mbarara. Tulilitarajia jioni, likaja asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda sokoni kutafuta uzi wa bluu, na niliporudi mkeka ulikuwa mtupu, kimashine kiko juu ya cherehani, na chini yake kikaratasi alichochana kwenye lebo ya godoro, ameandika hivi, nanakili kama kilivyo:

*Yaya, gari limefika, nimekwenda. Ule mpira usitupe. Utumike. Gradi.*

Nilikuwa na sare kumi na moja za kumaliza, nikapanga nizimalize kwanza, nimfuate Alhamisi. Alifariki Jumatano mchana.

Mama Muzna, tangu hapo nimelishika neno lake. Aliniambia mambo mawili, nisiutupe ule mpira, na nifanye kazi. Mpira sijautupa. Na kazi, nafanya kazi tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, Jumapili nafanya kazi, kwaya nimeacha, na Angeline akija Jumapili na sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu, maana anakuja kila Jumapili hata sasa, namjibu bila kuinua uso kwamba nafanya kazi, na yeye anasimama kidogo halafu anaondoka na sahani yake. Nakula nimesimama, kwenye sufuria, kwa sababu kupakua sahani moja kunaniuma.

Kila siku saa sita naiwasha ile jeu. Inafunguka pale alipoiacha yeye, ndani ya pango, yule kijana amenipa mgongo, na mbele yake hatua moja tu amesimama mnyama mwenye pembe ndefu kama ng'ombe wa huku Ankole, mwenye mvua juu ya mabega, ndiye yule mkubwa aliyekuwa akimngojea, na huyo naye ni mmoja tu, akikukimbia harudi tena. Pembeni pameandikwa GRADI, saa alizocheza mia mbili na kumi na nne. Sibonyezi kitu. Nautazama ule mgongo, halafu nazima, narudi kwenye kitambaa.

Sasa mwezi huu ilianza kufunguka tupu, hakuna Gradi, hakuna pango, inaniuliza kama nataka kuanza mchezo mpya. Nilizima, nikawasha, akarudi. Ikatokea tena, na tena. Nikapanda gari la Rwekubo, mji mdogo wa jirani, mpaka Mbarara, nikampelekea Sharifah, fundi wa simu wa Ruti, akaifungua akanionyesha betri ndogo ya duara, akasema, "Nnyabo, hii ndiyo inashika kila kitu ya ndani. Sasa imechoka. Nikitoa, vyote inapotea. Nikiacha, pia itapotea, wiki hii, mwezi kesho, mimi sijui." Nikamwambia afunge.

Nikiutupa mpira nimevunja neno la mwisho la mdogo wangu. Nisipoutupa, mashine itakufa na Gradi atafutika amesimama pale pale, hatua moja. Angeline anasema niache kife, kimenifunga. Nifanye nini?

Na kuna jingine, ndilo lililonifanya nichane barua mara nne. Kwa nini aliniambia nifanye kazi? Angeweza kuniaga. Angeweza kusema Yaya baki salama. Mtoto niliyemshika mkono kutoka Walungu, neno lake la mwisho ni kunirudishia kelele zangu mwenyewe, na mimi kweli nikabaki nikifanya kazi mpaka akafa. Nilikuwa nimemuumiza kiasi hicho?

Eliane, Nakivale

Mama Muzna anajibu

Eliane, mwanangu,

Sijacheka. Nakwambia mapema kwa sababu nataka kukugombeza kidogo, usije ukachanganya mambo.

Unakula umesimama, kwenye sufuria, miaka miwili? Kupakua sahani moja kunakuuma, nakuamini, kunauma kweli. Lakini sahani ya pili inakuja mlangoni kwako kila Jumapili ina sombe juu yake, na wewe huinui hata uso! Jumapili mia moja na zaidi, mwanamke huyo anavaa viatu, anafunika sahani, anakuja, anasimama, anarudi nayo. Unaniambia huna mtu. Una mtu, ana kelele tu na anaogopa mashetani. Hilo nimelisema, sasa tukae.

Lazima nikuungamie jambo. Barua yako nimeinyoosha kabla ya kuitoa. Kiswahili chenu ni kitamu, mimi nimekisikia miaka thelathini nikiuza vitenge Kikagate na Mbarara, ila wasomaji wa huku wangepotea, kwa hiyo nimegusa hapa na pale na kuyaacha yale tu yaliyo vinywani mwa watu. Na neno nililoligusa kuliko yote ni hili la kutumika. Kwenu Kongo kutumika ni kufanya kazi. Mtu anatumika shambani, anatumika ofisini, anatumika vizuri tu na mshahara anapata. Kwetu kitu ndicho kinachotumika: sufuria inatumika, dawa inatumika, na mtu akisema anatumika tunamwonea huruma. Zamani mteja wangu mmoja, Gaudiose, alinieleza kwa fahari kwamba mume wake anatumika kwa tajiri fulani mjini. Nikamshika mkono nikamwambia pole mama, kimbieni, kuna sheria. Tulikosana nusu saa nzima na kitenge hakununua.

Basi katika barua yako umeandika natumika, akitumika, nitumike, mara nane kwa hesabu yangu, na mara zote nane nimefuta nikaandika kufanya kazi. Na nilipofika kwenye kikaratasi cha Gradi mkono ukaenda wenyewe kufuta. Ukasimama. Nikakisoma tena, nikavaa miwani, nikakisoma tena.

Eliane, ulimwambia mwenyewe kwamba anasema kama redio. Sasa msome kama redio. "Gari limefika." Nani wa kwenu anaandika limefika? Wewe ungeandika gari imefika. "Ule mpira." Wewe unasema ile mupira, umesema hivyo ulipomtishia choo. Kwenu vitu karibu vyote vinakwenda kwa i: ile mupira iko wapi, ile mupira imepotea. Ndiyo maana ulipokuta neno limeanza na u ulijua moja kwa moja kwamba unaambiwa wewe, Eliane, ufanye kazi. Lakini kwa mzee Isa mpira unakwenda kwa u. Mpira umepotea. Mpira upo. Mpira utumike.

Hakukuamuru kufanya kazi, mwanangu. Alikuwa anasema habari za mpira.

Na ile "usitupe" nayo umeishika kwa upande usio wake. Kwa sababu ulimzoea kwenye mchezo, tupa, bado, tupa, bado, ukadhani anakukataza kumrushia mnyama. Nani aliyesema atautupa mpira chooni, na jeu yake, na wanyama wake wote? Kijana alikuwa anaondoka mgonjwa, anamwachia kimashine chake mtu aliyewahi kukitishia choo, akaandika kwa kifupi kwa sababu gari lilikuwa linamngoja na vidole vimevimba: huo mpira usije ukautupa ovyo, utumike. Yaani alikuwa anakupa. Alishafika kwa yule mkubwa, hatua moja, akaona hatawahi, akakuachia wewe umalizie.

Najua utasema Mama Muzna unanifariji tu. Sikutaka kukufariji kwa kubahatisha, kwa hiyo Jumanne nilipanda boda mpaka Ruti, na jua lile. Mzee Isa nilimkuta amekaa juu ya magodoro yake. Nilipotaja jina la Gradi alivua kofia. Akaniambia, "Yule kijana mwishowe Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu. Siku za mwanzo aliniambia, Mzee, leo nitatumika mpaka jioni. Nikamuuliza, utatumika kama ufagio? Basi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, akitaka kunichekesha, anashika ufagio ananiambia, Mzee, huu umetumika sana, upe likizo." Halafu mzee Isa akauangalia ufagio ulioegemea ukutani, na mimi nikaangalia barabarani ili asione macho yangu.

Kwa hiyo alilijua neno hilo pande zote mbili, Eliane. Alijua likisomwa Ruti ni nini, na alijua likisomwa Nakivale ni nini. Kijana aliyepokelewa mlangoni kila safari kwa "Utumike!" akaandika "Utumike" juu ya mpira wake wa mchezo. Mimi nadhani alicheka alipoliandika. Nadhani alijiona mjanja kweli, akawaza, Yaya akisoma hii atakasirika kwanza, halafu ataelewa, halafu atacheka peke yake hapo kwenye cherehani, na akija hospitali atanipiga kofi la mgongo. Ulikuwa ni utani. Mdogo wako alikuachia utani, na umekaa nao miaka miwili ukilia.

Hukumuumiza. Mtu aliyeumizwa hataniani hivyo.

Kuhusu ile Alhamisi, sina neno la kuifuta na sitajifanya ninalo. Ulipanga kwenda, hukuwahi. Mama yangu alifia Karagwe nami niko Mbarara nikisubiri mzigo wa vitenge, na mpaka leo mzigo ule naukumbuka rangi zake. Utaikumbuka Alhamisi yako pia. Lakini usiichanganye na kikaratasi, kile kiliandikwa na mtu aliyekuwa na hakika kwamba utakuja.

Sasa sikiliza utakachofanya, na usiniongezee siku hata moja, maana nimepita pia kwa Sharifah, mchezo huo anaujua, na amenikatalia kabisa kutoa ahadi juu ya betri. Nilimuuliza kama mpira ule una kazi nyingine yoyote zaidi ya kutupwa. Akasema hauna. Nikamuuliza, mnyama akishakamatwa atabaki? Akasema hapana, betri ikifa anakwenda yeye na pango lake na yote. Sikudanganyi. Hutabakisha kitu ndani ya ile mashine, ufanye usifanye. Tofauti ni kwamba Gradi aliubeba mpira ule zaidi ya mwaka kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo inaweza kuwepo au isiwepo, na iko mikononi mwako.

Jumapili hii funika cherehani. Nenda kanisani, kaa na kwaya, ukishindwa kuimba kaa nao tu. Ukitoka, usimngoje Angeline aje kwako, nenda wewe kwake, mchana, beba jeu na beba sahani yako mwenyewe, tupu. Mwombe msamaha kwa ufupi, hahitaji hotuba. Kuleni kwanza, mmekaa. Halafu mwambie aketi karibu nawe atazame, na akitaka kukemea mashetani mwache akemee, ila asikuguse mkono.

Piga picha ya kioo kwa simu kabla ya yote, ule mgongo, lile jina, zile saa. Mtumie Angeline nakala, mtumie na mzee Isa, ameniomba. Kisha bonyeza hatua moja. Mnyama atakuja. Fungua begi, utauona mweusi wenye nyota, utupe. Utajitikisa kidogo, Sharifah anasema yote hujitikisa, usikimbie, huo haukosi.

Mchezo utakuuliza mnyama aitwe nani. Usiandike Gradi, jina la Gradi litajiandika lenyewe pale penye jina la aliyemkamata, ndivyo ulivyotengenezwa. Wewe mpe jina lako la kuchagua. Ukikosa, mwite Radio.

Halafu zima. Ukitaka kulia, lia hapo hapo kwa Angeline, usiende na kilio nyumbani. Ukitaka kucheka, cheka kwa sauti, umechelewa miaka miwili lakini utani wake bado ni mzuri. Na Jumatatu, kabla hujagusa uzi, pakua chakula kwenye sahani, vuta kiti, kaa.

Mpira utumike, Eliane. Wewe umetumika sana, chukua likizo.